Tamko Kuhusu Usalama wa Madaraja ya Kuning'inia

Sisi, wahandisi wa ujenzi tulioungana katika chama hiki, tunatoa tamko hili kwa umma na kwa mamlaka zote zenye dhamana ya madaraja.

1. Tarehe 7 Novemba 1940, daraja la Tacoma Narrows katika jimbo la Washington, Marekani, liliporomoka katika upepo wa takribani kilomita 64 kwa saa. Lilikuwa limefunguliwa Julai 1 mwaka huohuo.

2. Upepo huo haukuwa wa ajabu. Kati ya minara yake palikuwa na mita 853, ilhali upana wa daraja haukufika mita 12, na ubavu wake ulizibwa kwa mihimili ya bamba la chuma yenye kimo cha mita 2.4 tu. Usanifu wa awali, wenye mihimili ya mita 7.6, uliachwa ili kubana matumizi. Asubuhi hiyo kishikizo cha kebo kiliteleza. Barabara ikaanza kujisokota, ubavu mmoja ukipanda mwingine ukishuka, na kila msokoto ukachota nguvu mpya kutoka kwa upepo uleule.

3. Dalili hazikufichika. Daraja lilipanda na kushuka tangu likijengwa, lakini magari yaliruhusiwa kupita. Profesa Farquharson wa Chuo Kikuu cha Washington alikamilisha majaribio yake ya modeli siku chache tu kabla ya maafa.

4. Daraja lililochukua nafasi yake lilifunguliwa Oktoba 14, 1950, baada ya modeli yake kujaribiwa kwenye handaki la upepo. Lilipewa mihimili ya kimiani yenye kimo cha mita 10, na nafasi wazi sakafuni za kupitisha upepo. Lingali linatumika.

5. Chama kinashikilia kwamba uimara wa daraja si fungu la kupunguzwa pale fedha zinapopungua, na kwamba daraja linaloyumba halina budi kufungwa kwanza, lichunguzwe baadaye.

6. Kwa hiyo tumeazimia:

(a) Hakuna mwanachama atakayetia saini michoro ya daraja la kuning'inia ambayo haijajaribiwa dhidi ya upepo.

(b) Mamlaka zinaombwa kuweka wazi matokeo ya kila jaribio kabla ya ujenzi kuanza.

(c) Mwanachama atakayeripoti hatari na kupuuzwa, chama kitasimama naye hadharani.