SNEYA YA PILI: TUNUNUE AU TUSINUNUE?



Tangu Jumapili simu yangu haijatulia. Kwenye kundi letu la WhatsApp mmegawanyika kama Wakorintho: huyu wa timu ya sifa, yule wa kamati ya fedha. Chanzo ni barua ya kijana wetu wa dramu (na ameiandika kwa adabu, hilo nimsifu) akiomba kanisa limnunulie sneya ya pili. Bei aliyopewa na muuzaji wa vyombo vilivyotumika ni shilingi 15,000. Wengi mmeniuliza faraghani msimamo wangu ni upi. Nauandika hapa mara moja, nisije nikashikwa mlangoni baada ya ibada na nina njaa.

Kwa wewe ambaye dramu zote kwako ni kelele moja, nikueleze. Sneya ni ile ngoma bapa inayokaa katikati ya magoti ya mpigaji. Chini yake zimepita nyaya nyembamba za chuma, mara nyingi 20, zimepindwa kama springi na kugusana na ngozi ya chini. Kijiti kikipiga ngozi ya juu, ya chini inatikisika, nyaya zinalia, na huo ndio ule mlio mkali unaokuambia piga makofi sasa. Sneya ya kawaida ina upana wa inchi 14. Anayoiomba ni ya inchi 10, ikae kushoto kwake karibu na yale matoazi mawili anayoyafunga kwa mguu. Mlio wake ni mwembamba, wa juu, kama bisi zinazopasuka kwenye sufuria.

Nianze na kosa langu. Barua iliponifikia nilisema moyoni, hiki ni kiburi cha ujana, ameona video za makanisa ya Marekani. Nilishakuwa na andiko mkononi: Amosi sura ya 5, pale Mungu anapochoshwa na nyimbo za Israeli. Usiku nikalisoma tena, nikaona haya. Amosi hakugombana na vyombo. Aligombana na watu waliomdhulumu maskini langoni halafu wakaenda kuimba. Mchungaji akilichukua andiko hilo kumnyamazishia kijana wa miaka 19 kwa sababu yeye mchungaji hapendi kelele, ameliiba. Tena ukifungua Zaburi ya 150, utakuta matoazi yametajwa mara mbili katika mstari mmoja, aina mbili, na mwandishi haombi radhi. Kwa hiyo msiniambie kwamba viwili ni dhambi. Maandiko hayako upande wenu katika hilo.

Basi Jumamosi nikapanda ngazi nikaketi kwenye mazoezi. Nikamwambia, "Mwanangu, nieleze kama mtu asiyejua kitu." Akanieleza vizuri kuliko nilivyotarajia.

"Pasta, kwenye mapambio naikaza sneya ili mlio uwe mkali, mwendo usilegee. Tukiingia kuabudu, mlio ule ule unawakata watu. Akina mama wa mstari wa mbele wanashtuka. Na siwezi kusimama katikati ya ibada nianze kulegeza skrubu."

Hiyo ni hoja, wapendwa. Anataka ile kubwa ailegeze kwa ajili ya kuabudu, na ndogo iwe ya mapambio. Anafikiria utulivu wenu mkiwa mbele za Mungu. Nikamwomba msamaha kwa yale niliyokuwa nimeyasema moyoni, ingawa hakuyasikia.

Halafu nikamwambia ainamishe ile sneya tuitazame. Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Kati ya nyaya 20, sita zimekatika au zinaning'inia. Nyingine zina kutu. Hii ni Mombasa. Ukumbi wetu uko hatua chache kutoka Mji wa Kale, upepo wa bahari unaingia na chumvi yake kila jioni, na hakuna anayeifunika dramu baada ya ibada isipokuwa nikipiga kelele. Ngozi ya chini haijawahi kubadilishwa tangu tununue seti. Imelegea kama shati la mtumba. Kumbe ule ukali unaowashtua akina mama si kwa sababu sneya ni moja tu. Sehemu yake unatoka kwenye chombo kilichochoka ambacho kijana anakikaza kupita kiasi ili kitoe sauti.

Na ukiongeza ya pili kando ya ya kwanza, kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Nyaya za sneya hulia zenyewe kila kitu kingine kikipigwa karibu. Gitaa la besi likivuma, zinavuma. Mhubiri akinena kwa sauti nzito, zinaitikia chini chini. Tayari mnaisikia hiyo zzzz wakati wa maombi na mnadhani ni spika. Sneya mbili, zzzz mbili.

Kuna kidude cha pembeni, mkono mdogo wa chuma. Ukiushusha, nyaya zinaachana na ngozi na sneya inakuwa ngoma ya kawaida. Nikamwambia, shusha, piga. Alipopiga pambio moja hivyo, mzee anayeuza kahawa pale chini, jirani yetu Mwislamu wa miaka mingi, alinisubiri nishuke.

"Bwana Pasta, leo mumeleta chapuo?"

"Hapana, mzee wangu. Ni dramu ile ile."

"Basi ile sauti nzuri. Ile nyengine yanipasua kichwa."

Nimelifikiria neno la mzee yule wiki nzima, na si kwa sababu ya kichwa chake tu. Kwenye ngoma za pwani, za chakacha kwa mfano, chapuo inacheza juu, vumi inashika chini, na kila ngoma ina mtu wake. Ukitaka sauti nyingine, unamwita mtu mwingine aje na ngoma yake. Seti ya dramu imezaliwa kinyume. Iliundwa Marekani ili mtu mmoja afanye kazi ya watu wawili au watatu: mmoja wa ngoma kubwa, mmoja wa sneya, mmoja wa matoazi. Mwaka 1909 ndugu wawili wa Chicago, William na Theobald Ludwig, walianzisha kampuni ya kutengeneza kanyagio la mguu lenye kasi, ili anayepiga sneya kwa mikono apige na ngoma kubwa kwa mguu. Ni ubunifu mzuri, nami namshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini angalia ulikotupeleka. Kila tukitaka sauti mpya tunamwongezea kijana yule yule chombo, na hatuongezi kijana.

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, maana ndiyo sababu ya kuandika.

Pasaka iliyopita mpiga dramu wetu anayekaa Likoni alikwama upande wa pili, feri ikachelewa. Nani alikaa kwenye dramu? Hakuna. Tuliimba kwa makofi na kinanda, na Bwana alikuwapo, lakini mliniuliza "dramu iko wapi?" kana kwamba dramu ndiyo iliyopanda feri. Kisha kuna jambo ambalo ameniruhusu niliseme: kijana huyu anasubiri viza ya kazi Doha. Inaweza kutoka mwezi ujao, inaweza kutoka Desemba. Mnajua jinsi mambo hayo yanavyokuja ghafla, nyumba ngapi za kanisa hili zina mtoto Ghuba? Sasa nambieni. Tukinunua sneya ya inchi 10 leo, akaenda zake Doha, tutabaki na sneya mbili na viti vitupu vya wapigaji.

Someni 1 Nyakati sura ya 25. Daudi alipopanga huduma ya uimbaji, idadi ya waliofundishwa ilikuwa 288, na walipopiga kura za zamu, mwalimu na mwanafunzi walikuwa kundi moja, mdogo na mkubwa sawasawa. Mwanafunzi alikuwa ndani ya hesabu. Sisi tuna mwalimu mmoja ambaye hatukumpa mwanafunzi hata mmoja, halafu tunabishana kuhusu chombo chake.

Najua mtu ataniambia, "Pasta, lakini kanisa fulani pale mjini wanazo mbili." Ndugu yangu, hiyo ndiyo hoja dhaifu kuliko zote, na mji huu una historia nayo. Mwanzoni mwa karne ya 20 vikundi vya beni vya hapa Mombasa, Kingi na Skochi, vilishindana kwa ngoma za mtindo wa bendi za kijeshi za Kizungu na kwa mavazi, na baadaye akina mama wakashindana katika lelemama. Wenzenu wakileta hiki, lazima ninyi mlete kile, na fedha zikateketea. Ilikuwa burudani yao, siwahukumu. Ila sadaka ya mama anayeuza mchicha Marikiti siitii kwenye mashindano ya namna hiyo.

Na majirani je? Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009 zimezitaja hata nyumba za ibada, kwa hiyo tusijifiche nyuma ya madhabahu. Lakini hata bila sheria, tunaishi ukuta kwa ukuta na watu ambao nao wana saa zao za sala. Tumekaa nao kwa amani kwa sababu tumesikilizana. Sitaki kuipoteza amani hiyo kwa ajili ya inchi 10.

Tena kuna masikio ya kijana mwenyewe, jambo ambalo hakuna hata mmoja wenu aliyelitaja kwenye kundi. Pigo la sneya kwa aliyeketi nayo hupita desibeli 100. Wataalamu wa afya ya kazini wa NIOSH kule Marekani wanahesabu kwamba kwenye desibeli 85 mtu anaweza kukaa saa 8 kwa siku, lakini kwenye desibeli 100 ni dakika 15. Sifa zetu peke yake ni dakika 40. Yeye hana hata kizibo cha sikio. Tulimpa ngoma, masikio hatukuyafikiria. Katika hilo nalaumika mimi kwanza.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kwanza tutengeneze tuliyo nayo: nyaya mpya, ngozi mpya juu na chini, kitambaa cha kuifunika, na vizibo vya masikio. Nimeuliza bei, haitafika shilingi 8,000. Ikishawekwa sawa, tutajua kama akina mama bado wanashtuka.

Halafu sneya ya pili tununue. Ndiyo, mmesoma vizuri, kamati ya fedha pumueni. Lakini isiwe ya inchi 10, iwe ya inchi 14 iliyotumika, na isipande jukwaani. Ikae kwenye chumba cha shule ya Jumapili na stendi yake. Hapo mtoto anajifunza mkono wa kulia na wa kushoto, anajifunza kuhesabu, anajifunza kupiga kwa sauti ndogo, ambalo ndilo gumu kuliko yote. Hahitaji seti nzima ili ajifunze hayo. Na Jumapili, ngozi ya ile ya jukwaani ikipasuka katikati ya ibada, ya pili inatolewa kwenye begi na kuwekwa mahali pake, hatutaimba kwa kubahatisha.

Kijana nilimwambia haya kabla sijayaandika. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Na ile ndogo, Pasta?" Nikamwambia ukweli: ile ndogo bado sijashawishika. Atumie ule mkono wa pembeni kwa miezi mitatu, aone ni pambio zipi zinakubali mlio wa chapuo. Ikiwa baada ya hapo bado anaihitaji, na ikiwa kuna watoto wawili wanaoweza kushika pambio moja tangu mwanzo hadi mwisho bila kukimbia, mimi nitatoa shilingi 5,000 za kwanza mfukoni mwangu. Alicheka. Akasema watoto wawili ni wachache, alete wanne.

Basi mazoezi yanaanza Jumamosi hii saa 9 alasiri, kabla ya timu ya sifa. Mtoto wa miaka minane na kuendelea, wa kike au wa kiume, aje. Wasichana msikae nyuma mkingoja kuitwa kwenye kuimba tu. Wazazi, msilete vijiti vipya, vya kuazima vipo.

Na mafundi seremala mlio kanisani, nahitaji mbao nne za futi moja kwa futi moja, mpigilie kipande cha mpira wa gurudumu la gari juu yake, watoto wafanyie mazoezi nyumbani bila kumwamsha jirani. Kabla ya Ijumaa tafadhali. Nitazipitia mwenyewe.

Mchungaji wenu.