KATA SI MSTARI WA RAMANI

Kila baada ya miaka 5 mwananchi wa Masasi na wa Newala, mkoani Mtwara, humchagua diwani wa kata yake. Wengi huamini kuwa kazi imekwisha pale karatasi inapoingia sandukuni. Sisi tunasema kuwa hapo ndipo inapoanza.

Tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1972 Serikali za Mitaa zilivunjwa chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, na mwaka 1976 vikavunjwa vyama vya ushirika. Nia ilikuwa njema. Hata hivyo maamuzi yalihamia mikononi mwa maofisa, na huduma za miji zikadorora. Halmashauri za miji zilianza kurudishwa mwaka 1978, na sheria za mwaka 1982 zikaurejesha mfumo mzima, ulioanza kazi mwaka 1984. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alikiri wazi kwamba, kama angeanza upya, asingefuta Serikali za Mitaa wala ushirika. Somo lililotolewa kwa ujasiri kama huo ni aibu kulisahau.

Lakini kosa lile laweza kurudiwa bila sheria yoyote kufutwa. Diwani ni mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na mtendaji wa kata ni katibu wake. Kamati hiyo isipokutana, na mikutano ya mitaa na vijiji isipoitishwa, kata hubaki jina tu.

Jambo hili si la nadharia. Newala imekaa juu ya Uwanda wa Makonde, ambako mchanga humeza mvua na chemchemi ziko chini mabondeni. Maji hayana budi kupandishwa kwa mitambo. Mtambo ukisimama, akina mama ndio wanaoteremka bondeni na kupanda na ndoo kichwani. Ni nani atakayesimama katika halmashauri kuuliza sababu, kama si diwani? Vivyo hivyo ushuru wa korosho unaoingia katika halmashauri umetokana na jasho la mkulima. Mkulima huyo, awe wa kijijini Newala au wa Mkuti mjini Masasi, ana haki ya kusomewa hesabu yake.

Kwa hiyo twawaomba ndugu maofisa wasimwone diwani anayeuliza kuwa mkorofi. Anatimiza wajibu aliotumwa. Twawaomba madiwani warudi katani na majibu, hata yakiwa machungu. Nao wananchi wahudhurie mikutano, kwani asiyefika hana wa kumlaumu.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba nao wana wadi zao na madiwani wao. Wasomapo habari hizi za bara, wajiulize nao hesabu yao ilisomwa lini.

Madaraka yasiyotumiwa na wenyewe hutumiwa na wengine. Tusingoje yavunjwe tena ndipo tuyalilie.