Imekufa, Nani Kasema?

Kuna neno moja ambalo ningependa lipigwe marufuku ukanda huu wote, kuanzia Horohoro mpakani hadi Tanga mjini: "imekufa". Laptopu ikiwaka kioo cheusi, imekufa. Redio ikikoroma, imekufa. Meli ikizama ndiyo kabisa, na anayefuata baada ya hukumu hiyo ni mnunuzi wa chuma chakavu na mizani yake. Hakuna aliyefungua, hakuna aliyepima. Tunatoa cheti cha kifo bila kumgusa mgonjwa.

Nina mapenzi mawili yanayowashangaza ndugu zangu: kufufua kompyuta kuukuu kwa Linux, na kuzamia kwenye meli zilizozama. La pili nalitaja kwa tahadhari. Hapa mpakani ukijitambulisha kuwa mzamiaji, watu wanadhani unatafuta meli ya kwenda Ulaya bila tiketi. Wengi huyaona haya kuwa mambo mawili yasiyohusiana. Kwangu ugomvi ni mmoja tu, na ni ugomvi na neno lile.

Nianze na kompyuta. Mwaka jana nililetewa laptopu nane za shule moja ambayo sitaitaja. Zilikuwa zimefungiwa stoo kwa sababu aliyeitwa kuzitazama alizitazama kweli, kwa macho, akasema zote zimekufa, zinunuliwe mpya. Tano zilikuwa na ugonjwa wa pwani: hewa ya chumvi ilikuwa imeacha utando kwenye meno ya RAM. Dawa yake ni ufutio wa mwanafunzi na pamba yenye spiriti. Ya sita ilikuwa nzima, ila kadi yake ya picha haikuelewana na Linux. Ukiongeza neno nomodeset kwenye menyu ya kuwashia, kioo kinafunguka. Mbili tu ndizo zilizokuwa zimeungua kweli, nikazichuna vipuri. Sita kati ya nane! Fedha za mashine mpya zilikuwa zimeshaanza kuchangishwa kwa wazazi.

Kisha ikaja waifai, inayowatoa watu jasho. Stika ya mashine moja ilisema ndani kuna kadi ya Intel. Nikaandika lspci -nn, nikajibiwa 14e4. Anayezijua namba hizi anajua Intel ni 8086, na 14e4 ni Broadcom. Kumbe kuna mtu alishabadilisha kadi zamani. Kadi ya Broadcom ya aina ile huhitaji programu ya ziada ambayo haimo kwenye diski ya kusakinishia. Kuipata unahitaji intaneti, na intaneti huna kwa sababu waifai haifanyi kazi. Ni sawa na kuambiwa ufunguo wa nyumba umo ndani ya nyumba. Nikachomeka simu kwa waya wa USB, nikatumia bando langu, dakika kumi kazi imekwisha. Tangu siku hiyo siamini stika.

Sasa twende Manza, ghuba iliyo njiani kati yetu na Tanga mjini. Tarehe 14 Aprili 1915 ilikimbilia humo meli iitwayo Rubens, nayo ilikuwa na stika ya uongo. Ilikuwa meli ya Uingereza iliyozuiliwa Hamburg vita vilipoanza. Wajerumani wakaipa jina la Kronborg na bendera ya Denmark, wakaijaza makaa ya mawe kwa ajili ya manowari yao Königsberg iliyojificha katika delta ya Rufiji, pamoja na bunduki na mamilioni ya risasi za jeshi la Lettow-Vorbeck. Manowari ya Kiingereza, Hyacinth, ikaifukuza hadi ghubani na kuitwanga kwa mizinga. Nahodha wake, Carl Christiansen, akaruhusu maji yaingie mpaka meli ikakaa chini kwenye kina kifupi, huku moto ukiwaka sitahani. Waingereza wakaona moto na moshi, wakaridhika kwamba imekwisha, wakaondoka.

Chini ya maji shehena ilikuwa hai. Ikaopolewa siku baada ya siku. Risasi zilizolowa zikafunguliwa, baruti ikakaushwa, zikafungwa tena. Jeshi lile likapigana hadi Novemba 1918.

Simsifu Lettow-Vorbeck, ufundi ule ulikuwa wa kuua, na vita vile viliua makumi ya maelfu ya wapagazi wasiokuwa na ugomvi na mtu. Ninachosema ni kwamba jeshi la majini lenye nguvu kuliko yote duniani wakati ule lilifanya kosa lilelile la fundi wa stoo: liliangalia kioo cheusi likaenda zake.

Nikiyasema haya vijiweni hujibiwa: "Kaka, hiyo meli ya Wajerumani inatuhusu nini?" Inatuhusu kwa sababu mizigo ya vita vile haikutembea yenyewe. Ilibebwa vichwani na mabegani mwa babu zetu, upande wa Mjerumani na upande wa Mwingereza, na wale wa Mwingereza ndio waliotuachia jina la Kariakoo. Kama Rubens haituhusu, Kariakoo nayo haituhusu.

Sheria zetu nazo zina mkono humu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakilinda moja kwa moja kitu kilichotengenezwa kabla ya 1863. Cha baadaye kinasubiri tamko la waziri. Meli za vita vya 1914 zimezaliwa zimechelewa. Kisheria, kilichomo Manza kiko karibu zaidi na mizani ya chuma chakavu kuliko makumbusho.

Vuka mpaka saa chache uone wenzetu. Mombasa wana Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mwaka 1697 wakati Waomani wameizingira Fort Jesus. Kuanzia 1977 wazamiaji waliichimbua kwa vipimo, na vitu vyake vimo ndani ya ngome ile ile unavitazama. Mwaka 2002 Wakenya wakafanya la ajabu zaidi: waliisafisha meli kuukuu, MV Dania, wakaizamisha kwa makusudi kaskazini mwa Mombasa ili samaki wapate makazi na wageni walipe kuiona. Wao wanazamisha, sisi tunazo za bure zimelala.

Zanzibar nilizamia Great Northern, meli ya kutandaza nyaya za simu ya maandishi, iliyogonga mwamba wa Fawatu mkesha wa mwaka mpya wa 1902. Iko kama mita 12 tu chini. Nilielea juu ya mbavu zake nikiwaza kwamba hii ni babu yake waya ulioniletea ile programu ya waifai. Samaki wamejaa kama sokoni. Lakini tuliporudi mashuani, maelezo yote yalitolewa kwa Kiingereza, na mtoa maelezo alikuwa kijana wa Unguja. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, una hata ukurasa mmoja wa Kiswahili?" Akacheka.

Na hili nalo halikuanza jana. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu kamili za ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004. Waulize wanafunzi wa kompyuta leo wangapi wamewahi kuisikia. Kazi ile ya maneno ni shehena iliyolala kwenye maji mafupi, nasi tumeshaondoka na manowari yetu.

Nyie mliosoma akiolojia, na nyie mnaojua ramani za GPS, Manza si mbali. Wavuvi wanayajua maji yale kwa alama za miti na vilima. Haihitaji ruzuku ya Ulaya kukodi mtumbwi, kuandika vipimo, kupiga picha, kisha kupeleka ombi la tamko kwa waziri. Laptopu ya kuandikia ombi ninayo, inawaka, na waifai yake inafanya kazi.