Kiatu cha Banyani: Hoja juu ya Sanaa ya Wahindu

Waswahili tuna methali isemayo: Banyani mbaya, kiatu chake dawa. Methali hii husemwa kwa kicheko, lakini ndani yake mna jambo lisilochekesha, kwa kuwa yatufundisha kupokea kitu cha mtu na kumtupa mtu mwenyewe. Ndivyo tulivyofanya katika mambo ya sanaa. Taarabu ya pwani yetu imeazima mahadhi ya filamu za Kihindi mara nyingi, na watu wameyapenda. Lakini mwulize mpenzi wa mahadhi hayo Wahindu waita nini uzuri, naye huenda akakujibu kwamba hao ni watu wa masanamu yenye mikono mingi. Kiatu amekivaa, mwenye kiatu hamjui.

Nasema Wahindu, wala sisemi Wahindi. Wahindi ni watu wote wa Bara Hindi, na miongoni mwao wako Waislamu, Wakristo, Masingasinga na wengineo. Wahindu ni wafuasi wa dini moja kubwa kati ya dini zao. Hoja yangu ni kwamba watu hawa wana elimu ya uzuri iliyo kamili, yenye istilahi zake, mizani yake na mabishano yake. Na kwamba mtu aihukumuye sanaa yao pasipo elimu hiyo hafichui ila upungufu wake mwenyewe. Hii si hoja ya dini. Msomaji haombwi kuabudu, aombwa kusoma.

Yako makosa matatu ambayo yafaa kuondolewa njiani. La kwanza ni la kupima sanamu kwa mwili wa binadamu. Mwezi wa Januari 1910, katika mkutano wa Royal Society of Arts mjini London, E. B. Havell, aliyekuwa zamani mkuu wa shule ya sanaa ya Calcutta, alizungumza juu ya sanaa ya Bara Hindi. Mwenyekiti wa mkutano alikuwa Sir George Birdwood, mtu aliyekaa miaka mingi katika nchi ile na kuandika sifa za vyombo, vitambaa na vito vya mafundi wake. Mtu huyu alikana kwamba Bara Hindi ina sanaa tukufu. Akaitaja sanamu moja ya Buddha kutoka Java na kuifananisha na andazi la mafuta lililochemshwa. Sanamu ile ilikuwa ya Kibuddha, si ya Kihindu, lakini hukumu iliangukia sanaa yote ya nchi ile. Tarehe 28 Februari mwaka uleule gazeti la The Times likachapa barua ya wasanii na wajuzi 13 waliompinga. Angalia, msomaji, jinsi mambo yanavyofanana: Birdwood naye alikipenda kiatu. Vyombo vya Mhindi alivisifu. Fikira za Mhindi hakuziona.

Na tuitazame basi sanamu moja ya Kihindu, ile ya Shiva achezaye, aitwaye Nataraja, ambayo mafundi wa kusini waliitengeneza kwa ustadi mkubwa katika enzi ya wafalme wa Chola, hasa karne ya 10 hadi ya 12. Fundi huiunda kwanza kwa nta, akaizungushia udongo, akaitia motoni mpaka nta iyeyuke na kutoka, kisha akamimina shaba mahali palipokuwa na nta. Kalibu huvunjwa, kwa hiyo kila sanamu huzaliwa mara moja tu. Kazi hii yafanywa hata leo Swamimalai, katika Tamil Nadu. Mkono mmoja wa Shiva umeshika ngoma ndogo, ambayo mlio wake ni mwanzo wa viumbe. Wa pili umechukua moto, ambao ni mwisho wao. Wa tatu umefunguliwa kiganja kumwambia mtu asiogope. Wa nne waonyesha mguu ulioinuliwa, ambao ni kimbilio. Mguu mwingine umekanyaga kibeti, naye ni mfano wa ujinga. Asemaye kwamba hakuna binadamu mwenye mikono minne asema kweli, lakini hakuna fundi aliyedai kwamba yuko. Sanamu hii ni sentensi, na mikono yake ni maneno. Nani ailaumuye sentensi kwa kuwa na maneno manne?

Sasa tufike kwenye kiini. Kitabu kiitwacho Natyashastra, kinachonasibishwa na mwenye hekima Bharata, hukadiriwa na wanavyuoni wengi kuwa kilitungwa kati ya mwaka 200 kabla ya Masihi na mwaka 200 baada yake. Chaeleza jukwaa, mashairi, muziki, mavazi, ishara za mikono na mwendo wa macho. Lakini vyote hivyo vyatumikia neno moja, nalo ni rasa. Rasa katika Kisanskriti ni maji ya tunda, ni utomvu, ni ladha. Bharata aufananisha mchezo na chakula: kama mlaji mwenye nafasi ya moyo aonjavyo ladha katika chakula kilichotiwa viungo vingi, ndivyo mtazamaji aonjavyo rasa katika maneno, ishara na sauti zilizochanganywa kwa ustadi. Ladha haimo katika bizari peke yake, wala katika ukwaju peke yake; huzaliwa mvunguni, ikakamilika ulimini.

Bharata ataja rasa nane: mapenzi, kicheko, huzuni, ghadhabu, ushujaa, khofu, kinyaa na mshangao. Baadaye wanavyuoni waliongeza ya tisa, utulivu, na wakabishana sana kama yastahili kuhesabiwa. Yafaa tuone kwamba kinyaa kimo katika hesabu. Kwa watu wengi uzuri ni sura ya kupendeza, na sanaa ni kiwanda cha kuitoa sura hiyo. Mhindu wa zamani hakusema hivyo. Kwake yeye chukizo likipikwa vema lina ladha yake, sawa na pilipili iwashayo na bado ikatafutwa. Kwa neno hili moja elimu yake imeupita mpaka ambao wengine waliuchukua kuwa ndio mwisho wa dunia.

Pana swali gumu hapa, wala halikukimbiwa. Mbona mtu atoke nyumbani kwake kwenda kutazama huzuni, na arudi akiwa ameridhika? Katika Kashmir, mwishoni mwa karne ya 10 na mwanzoni mwa karne ya 11, Abhinavagupta alilijibu kwa kuendeleza fikira za Bhatta Nayaka aliyemtangulia. Msiba wa nyumbani huuma kwa sababu una jina lako. Msiba wa jukwaani umevuliwa jina. Si wako, si wa jirani, si wa adui. Alitoa mfano wa paa akimbiaye mshale katika mchezo wa Shakuntala wa Kalidasa. Mtazamaji haogopi kwa ajili ya nafsi yake, wala hasemi kwamba paa yule wa mahali fulani na siku fulani yu khatarini. Aionja khofu yenyewe, nayo imetakasika na faida na hasara. Mtu awezaye kuonja hivyo huitwa sahridaya, yaani mwenye moyo ulio pamoja. Kumbe basi sanaa haikamiliki mkononi mwa fundi. Yamhitaji mtu wa pili mwenye moyo uliofunzwa. Birdwood alikosa nini? Hakukosa macho.

Katika Kashmir hiyohiyo, karne ya 9, Anandavardhana alifundisha kwamba roho ya shairi ni dhvani, neno ambalo naona kwa Kiswahili lafaa kuitwa mwangwi. Mfano mashuhuri wa wanavyuoni wale ni huu: mtu asema kwamba kijiji kiko juu ya Ganges. Kijiji hakielei majini, basi twafahamu kuwa kiko ukingoni. Lakini kama ukingo ndio uliokusudiwa, mbona hakusema ukingo? Kwa sababu neno Ganges laleta ubaridi na utakatifu ambao neno ukingo haliwezi kuuchukua. Maana hiyo ya tatu ndiyo mwangwi, kama mlio wa kengele unaobaki hewani baada ya kengele kupigwa. Sisi tuliolelewa katika mafumbo tusidhani kwamba hili ni jambo lilelile. Fumbo hufumbuliwa, na likifumbuliwa limekwisha. Mwangwi haufumbuliwi, husikiwa, na kesho husikiwa tena.

Kosa la pili ni la kuzitenga sanaa, kila moja katika chumba chake: uchongaji huku, uchezaji kule, muziki mahali pengine. Katika Vishnudharmottara mna mazungumzo ya mfalme Vajra na mwenye hekima Markandeya. Mfalme ataka kujua kuunda sanamu. Aambiwa kwamba hawezi asipojua kuchora. Na kuchora hakujuliki pasipo kucheza. Na kucheza hakujuliki pasipo ala za muziki. Nazo ala hazijuliki pasipo kuimba. Aliyetaka patasi akatumwa kutafuta sauti. Mtu aweza kudhani kwamba hii ni hadithi ya kupendeza tu, lakini mawe yamshuhudia Markandeya. Natyashastra ina mikao 108 ya uchezaji. Katika hekalu kubwa la Thanjavur, lililokamilika karibu mwaka 1010 chini ya mfalme Rajaraja wa Kwanza, 81 ya mikao hiyo imechongwa ukutani, na nafasi za iliyobaki zimeachwa tupu. Katika Chidambaram mikao hiyo imechongwa katika malango ya hekalu. Basi kitabu cha jukwaa kimekuwa jengo. Tena kutoka karne ya 16 wachoraji walichora ragamala, picha ambazo kila moja yatoa sura ya raga fulani ya muziki, saa yake na hali yake ya moyo. Sauti imekuwa rangi. Mwanafunzi asomaye sanamu hizi pasipo muziki wake asoma barua iliyopasuliwa nusu.

Kosa la tatu ni la aibu, nalo ndilo lenye uchungu zaidi, kwa sababu lilifanywa pia na wenye mali wenyewe. Katika orodha ya Bharata mapenzi ndiyo ya kwanza. Kusini mwa Bara Hindi uchezaji wa mapenzi hayo ulihifadhiwa kwa vizazi na wanawake wa mahekalu waitwao devadasi. Wamishenari walioona aibu, pamoja na Wahindi waliosoma, waliwapiga vita. Na mwaka 1947 sheria ya Madras ikakataza kuwaweka wanawake wakfu kwa mahekalu. Sikatai kwamba palikuwa na dhuluma iliyostahili kukomeshwa. Lakini wakati uleule uchezaji wao ulipewa jina jipya la Bharatanatyam na kuingia katika nyumba za watu wa tabaka la juu. Rukmini Devi, aliyeanzisha chuo cha Kalakshetra mwaka 1936, aliutukuza kwa upande wa ibada na kuyapunguza mapenzi. Balasaraswati, aliyezaliwa mwaka 1918 katika ukoo wa wachezaji hao, alimpinga: mapenzi, alishikilia, si taka ya kuoshwa, bali ndiyo njia yenyewe ya kufikia utukufu. Mimi nashika upande wa Balasaraswati. Chuo kile kilifanya kazi kubwa, wala siipuuzi. Lakini kuisafisha sanaa ili mgeni asione haya ni kukubali kwamba mgeni alikuwa hakimu wa haki. Na mabinti wa ukoo uliobeba sanaa ile, wengi wao, waliachwa nje ya mlango. Hapo tena kiatu kilichukuliwa.

Mpinzani wangu ataniambia kwamba nasifu elimu ya wachache. Kwamba vitabu hivi viliandikwa kwa Kisanskriti, lugha ya wasomi, hali walioyeyusha shaba na kuchonga mawe walikuwa mafundi ambao majina yao hatuyajui. Namkubalia. Naongeza hata ushahidi: Natyashastra yenyewe yasimulia kwamba Brahma aliiumba sanaa ya jukwaa kuwa Veda ya tano kwa ajili ya watu wa tabaka zote, wakiwamo wale waliokatazwa kusikia Veda nne, na bado watu wa tabaka za chini walizuiwa kuingia katika mahekalu mengi hata karne ya 20, mpaka pakahitajika tangazo kama lile la Travancore la mwaka 1936 kuyafungua. Kitabu kilifungua mlango ambao jamii iliufunga. Lakini jambo hili haliitii ila elimu. Laitia ila jamii iliyoihini. Mizani haiwi mbovu kwa kuwa muuza duka alipunja.

Basi nawaomba wanafunzi wetu jambo jepesi. Mahekalu ya Wahindu yako Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam. Jirani zetu hawa hawakuja jana. Anayetaka kuandika juu ya sanaa yao na ajifunze kwanza maneno mawili, rasa na dhvani, kisha aandike atakavyo, hata kwa kulaumu. Lawama ya ajuaye ni faida. Nasi tunaodai kwamba ushairi wetu upimwe kwa vina na mizani yake, wala usipimwe kwa kanuni za Kiingereza, tutadai kwa uso gani haki tunayomnyima mwingine? Kiatu cha Banyani tumekivaa muda mrefu. Imekuwa saa ya kumkaribisha mwenyewe barazani, na kumsikiliza.