Muhogo na Heshima ya Mgeni



Mwezi uliopita kamati yetu ya msikiti, hapa Mji Mkongwe, ilijitayarisha kuwapokea walimu wa madrasa kutoka mashamba. Kama ilivyo ada, tuliziomba nyumba za mtaani zilete kila moja sinia la chakula baada ya sala ya Ijumaa. Katika karatasi tuliyoibandika mlangoni tuliandika: pilau, biriani, au wali wa nazi kwa samaki. Siku ya pili bi mkubwa mmoja, mjane, alimtuma mjukuu wake atuombe tulifute jina lake. Nyumbani kwake mlikuwa na muhogo na ng'onda tu, na chakula hicho hakikuwamo katika karatasi yetu.

Tuliona haya. Karatasi ile tuliiandika kwa mkono wetu, wala haikutupitikia kwamba tunamfungia mtu mlango wa kheri.

Hebu tuulizane: muhogo ulivunjiwa heshima lini? Mwezi wa Ramadhani ukiandama, sote tunasongamana sokoni Darajani kuutafuta, pamoja na majimbi, ndizi mbichi na viazi vikuu. Bei hupanda na tunalipa, kwani futari bila ya muhogo wa tui tunaiona pungufu. Shawwal ikiingia, chakula kile kile kinageuka kuwa cha kuliwa mlango umefungwa. Mgeni akibisha hodi, tunakimbilia mchele, ambao kwa sehemu kubwa unatujia kwa meli kutoka nje, ilhali muhogo unachimbwa Unguja hii hii.

Muhogo wenyewe asili yake ni bara la Amerika, na Wareno ndio waliouvusha bahari hadi Afrika. Huko ulikotoka hauonewi haya. Katika Jamhuri ya Dominika, nchi ya Bahari ya Karibi, watu hufungua kinywa kwa ndizi mbichi zilizochemshwa na kupondwa, ziitwazo mangú, na mchana hula wali, maharage na nyama. Wanao pia mkate mkavu wa muhogo, casabe, waliourithi kwa wenyeji wa kale, Wataino. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza mkate huo katika orodha ya turathi za wanadamu, kwa ombi la nchi hiyo pamoja na Cuba, Haiti, Honduras na Venezuela. Nasi mji wetu umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Tunajivunia milango ya nakshi, na kilicho chunguni tunakificha.

Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) aliwaomba watu wa nyumbani kwake kitoweo, akaambiwa hakuna ila siki. Aliiagiza iletwe, akala huku akiisifu. Basi ni nani sisi hata tukichague chakula cha jirani?

Tuliibandua karatasi, tukaandika nyingine: kila nyumba ilete ilichojaaliwa. Kisha tulikwenda wawili kwa bi mkubwa kumwomba radhi.

"Wanangu," alisema, "sikukasirika. Nilichelea kukutieni aibu mbele ya wageni."

Ijumaa sinia lake lilikuja limefunikwa kawa. Vijana wawili wa mtaani waliuliza samaki yule mkavu ni wa namna gani. Mwalimu mmoja wa shamba aliwasogezea, akawaonyesha na namna ya kuutoa uzi wa katikati ya muhogo. Wakala.

Wazazi wenzetu, tuwaite watoto jikoni, wajue kukuna nazi kwa mbuzi na kuchuja tui kwa kifumbu. Mgeni akija siku ya muhogo, na apakuliwe muhogo. Nasi tunaoandika orodha za misikiti, kabla ya kuzibandika tujiulize ni nani atakayezisoma akajiona hatakiwi.

Wabillahi tawfiq.