Mganga hajigangi, sharti agangwe

Wahenga walinena kwamba mganga hajigangi. Wengi wetu huitumia methali hii kumkejeli mganga, ilhali ina funzo jingine: kwamba hata bingwa wa tiba huhitaji mkono wa mwenzake. Funzo hilo yafaa tulizingatie tunapowajadili wanafunzi wa uuguzi wanaovuta sigara.

Mwanafunzi huyo amefundishwa kwamba tumbaku huleta saratani ya mapafu na maradhi ya moyo, na kwamba vidonda vya mvutaji huchelewa kupona. Hata hivyo, atokapo zamu ya usiku huenda nyuma ya bweni akawasha sigara. Jamii humwita mnafiki. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Nikotini hufika ubongoni kwa sekunde chache tu, na uraibu wake haujali aliyefaulu mtihani wala aliyeanguka. Isitoshe, kijana huyu hukabiliwa na uchovu, na pengine na kifo cha mgonjwa aliyemuuguza kwa mikono yake mwenyewe.

Hatusemi kwamba elimu ni bure. Mnamo mwaka wa 1951, Richard Doll na Austin Bradford Hill walianza kuchunguza afya ya madaktari wa Uingereza. Matokeo yalipodhihirisha madhara ya sigara, madaktari wengi waliiacha. Ripoti ya miaka 50 ya uchunguzi huo, iliyotolewa mwaka wa 2004, ilionyesha kwamba wavutaji wa kudumu walikufa takriban miaka 10 mapema kuliko wasiovuta, lakini walioacha wakiwa na umri wa miaka 30 waliepuka karibu hasara yote hiyo. Basi mwanafunzi wa miaka 20 hajachelewa hata kidogo.

Nchini Kenya, Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka wa 2007 inakataza kuvuta sigara katika maeneo ya umma, hospitali na vyuo vikiwemo. Ni sheria njema. Lakini sheria humwondoa mvutaji ukumbini, haimwondolei uraibu. Mkuu wa chuo anayetisha kuwafukuza wavutaji huwafunza kujificha tu, na anayejificha haombi msaada.

Kwa hivyo, vyuo vya uuguzi vina wajibu wa aina mbili. Kwanza, vimpe mwanafunzi mshauri wa kumwendea bila hofu ya adhabu, pamoja na tiba. Chingamu na plasta za nikotini zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka wa 2009. Pili, mbinu za kumsaidia mtu kuacha sigara zifundishwe na kutahiniwa, sawa na ufungaji wa vidonda. Kuyajua madhara ni jambo moja, na kujua njia ya kuyaepuka ni jambo jingine.

Kesho mwanafunzi huyu atasimama kando ya kitanda cha mgonjwa anayekohoa na kumsihi aache sigara. Akiwa mwenyewe alisaidiwa akaacha, neno lake litakuwa na uzito. Mganga hajigangi, walimu wake na wamgange.