Usiuze Shamba Kabla ya Kuuliza

Barua ya juma hili imetoka Wamagana, kule Tetu, Nyeri. Aliyeiandika ni mama wa watoto watatu. Mumewe alipanda mparachichi kuchuma matunda ya kuuza, tawi likakatika, naye akaangukia mgongo. Tangu siku hiyo hana hisia kutoka kiunoni kwenda chini. Ameruhusiwa kutoka hospitalini, sasa yuko kitandani nyumbani. Ndugu zake wanataka shamba la majani chai liuzwe ili apelekwe ng'ambo akatiwe "mishipa mipya". Mama anauliza: niuze au nisiuze?

Dada yangu, pole sana. Mfa maji haachi kutapatapa, na hakuna wa kuwalaumu shemeji zako kwa kumpenda ndugu yao. Lakini kabla ya kumwita dalali, nisikilize.

Ndani ya mifupa ya mgongo mna uti, kamba laini ya mishipa ya fahamu inayopeleka habari kati ya ubongo na viungo. Mfupa ukivunjika huunga. Uti ukipondeka kabisa, hadi leo hakuna daktari popote duniani awezaye kuurudisha ukawa kama zamani. Upasuaji upo, na mara nyingi hufaa, lakini kazi yake ni kuimarisha mifupa na kuondoa kinachoubana uti. Matibabu ya kupandikiza chembe hai na ya kuuchochea uti kwa umeme yangali yanachunguzwa. Basi muulize daktari aliyemtibu mumeo: je, uti uliumia wote au sehemu tu? Walioumia sehemu tu huweza kurudishiwa nguvu kiasi, hasa katika mwaka wa kwanza. Na yeyote anayekuahidi kwa fedha taslimu kwamba mumeo atatembea, muulize ni wagonjwa wangapi amewatibu na matokeo yao yamechapishwa wapi.

Pengine utasema, "Basi hakuna tumaini." Liko, tena kubwa. Zamani watu wengi waliopooza hivi walikufa upesi. Hawakuuawa na uti, bali na vidonda vya kulalia na maradhi ya figo. Mnamo 1944 daktari Ludwig Guttmann alifungua wodi ya majeruhi hao katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Akaagiza wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, mkojo uangaliwe, nao wafanye mazoezi na kujifunza kazi. Mwaka wa 1948 aliwaandalia michezo, na kutokana na michezo hiyo ikazaliwa ile ya Paralimpiki. Dawa yake kubwa ilikuwa utunzaji.

Utunzaji huo unaweza kuuanza leo hapo nyumbani. Mgeuze mumeo kila saa mbili. Akikaa kitini, ajiinue kwa mikono mara kwa mara, tena akalie mto mzuri. Kila siku kagua ngozi ya matako, nyonga na visigino. Ukiona wekundu au weusi usioondoka, asilalie mahali hapo. Na kwa kuwa Tetu ni baridi, jihadhari na jiko na chupa ya maji moto. Miguu isiyo na hisia huungua mwenyewe asijue. Mwombe muuguzi awafundishe kutoa mkojo kwa mpira safi kwa saa maalum. Mkojo ukinuka vibaya huku ana homa au baridi ya kutetemeka, nendeni hospitalini siku hiyo hiyo.

Kisha tafuteni mafunzo. Anzeni na idara ya mazoezi ya viungo katika hospitali kuu ya Nyeri, mkaulize pia namna ya kupelekwa katika Hospitali ya Kitaifa ya Majeraha ya Uti wa Mgongo, iliyoko Lenana Road, Nairobi. Vitanda vyake ni vichache kwa nchi nzima, hivyo msichelewe kuomba. Mumeo asajiliwe pia na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo husaidia katika mambo kama viti vya magurudumu.

Uchache huo wa nafasi ndio uliomfanya Zachary Kimotho, daktari wa mifugo aliyepooza baada ya kupigwa risasi na majambazi, aondoke Nairobi mwaka wa 2012 kwa kiti cha magurudumu akielekea Afrika Kusini. Alitaka Wakenya wachange shilingi milioni 250 kujenga kituo cha kuwatunza wenzake. Wengi wetu tulimwona kwenye televisheni. Waliomhurumia walikuwa wengi, lakini watu kama mumeo wangali wanahitaji zaidi ya huruma.

Nanyi majirani, neno moja. Mtu akianguka mtini au kwenye bodaboda na kulalamika mgongo au shingo, msimketishe wala msimpakie pikipiki. Mmoja amshike kichwa kisitikisike, wengine wambingirishe kwa pamoja kama gogo hadi juu ya ubao au mlango, ndipo abebwe. Uti uliochubuka kidogo huweza kukatwa na pupa ya wasamaria.

Sasa nikujibu, dada yangu. Usiuze shamba kwa ajili ya ahadi. Majani chai hayo ndiyo yatakayonunua mto wa kukalia, mipira ya mkojo, saruji ya kusawazisha mlango kiti kipite, na karo ya watoto. Mumeo hajaacha kuwa baba wala mkulima. Akishaweza kuketi, mpe daftari la mauzo ya chai alitunze. Anza na hilo kesho.

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.